Misumari Mdomoni

Nyumba ile ilikuwa na watu wawili na paka, na kwa siku kadhaa aliyesemeshwa alikuwa paka peke yake.

"Paka, mwambie bwana wako chai iko mezani," mke alikuwa akisema, uso ameuelekeza ukutani.

"Paka, mwambie mama mwenye nyumba nimeiona. Macho ninayo," mume alikuwa akijibu, naye anaangalia mlango.

Paka aliwatazama wote wawili, akajilamba mguu, akaenda zake. Mjumbe hauawi, lakini pia halazimishwi kukaa mkutanoni.

Nuno hilo lilianzia kwenye makochi. Mume alikuwa fundi makochi, na mtaa mzima ulimwita Spika kwa ajili ya sauti yake. Akimsalimu mtu mmoja ng'ambo ya barabara, waliitika watatu. Sasa, Spika alikuwa ameyavisha upya makochi ya sebuleni kwake kwa kitambaa cha buluu kilichobaki kwenye kazi ya mteja. Alishona mistari, akapiga vifungo, akakaa kungoja sifa. Walipokuja wageni, mmoja wao akaanza kusifu. Mke akamkatiza, akasema, "Kaeni tu, kaeni, konda atapita sasa hivi kukusanya nauli." Wageni wakavunjika mbavu. Spika hakucheka. Utani unamfaa mwenye ngozi ngumu, na Spika, ukimgusa kwenye kazi ya mikono yake, ngozi yake ilikuwa ganda la yai.

Mke alijua amekosea, na alijua usiku ule ule. Ila kuomba radhi ni kidonge kikubwa, na yeye alikuwa bado anatafuta maji ya kukimezea. "Aanze yeye," alijisemea. "Mwanamume mzima ananuna kama mtoto aliyenyimwa pipi!" Mume naye, uani kwenye kibanda chake cha kazi, huenda alikuwa anasema hayo hayo. Basi kila mmoja akashika upande wake wa kamba, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuilegeza.

Asubuhi moja Spika alikunywa chai yake kimya kama maji ya mtungini, akampa mkewe kisogo, akatoka kwa mlango wa nyuma. Hata paka hakuambiwa neno. Mke akachukua kikapu akaenda sokoni, akakaa huko kwa makusudi, maana nyumba yenye nuno haina haraka ya kurudiwa.

Aliporudi ilikuwa inakaribia saa sita. Akamimina chai kikombeni, akaipeleka kibandani.

"Paka hayupo," alisema, akikiweka kikombe mbele ya mumewe bila kumtazama usoni, "kwa hiyo chai itajisemea yenyewe."

Spika alikuwa amekaa kwenye kigoda chake. Alinyoosha mkono, kikombe kikampita vidoleni, kikaanguka, kikavunjika. Hakusema kitu.

"Aa! Sasa tumefika kwenye kuvunjiana vyombo?"

Kimya.

Mke aligeuka kuondoka, mguu wake mmoja ukavuka kizingiti. Kilichomrudisha hakikuwa busara. Ilikuwa hamu ya kuongeza neno moja kali zaidi. Na hamu hiyo ndiyo iliyomwokoa mumewe. Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kumkataza mama yule kuwa na neno la mwisho.

Aligeuka, akamwona. Mdomo wa mumewe ulikuwa umevutwa upande mmoja kama pazia lililokatika uzi. Chai ya moto ilikuwa imemmwagikia pajani, naye hakushtuka. Mkono wa kulia ulining'inia tu. Akajaribu kusema, ikatoka sauti ya mtu aliye usingizini.

"Mume wangu," mke alisema. Hakumtuma paka. "Mume wangu, nitazame!"

Macho yalimtazama. Yalikuwa yamejaa hofu, na hofu ile haikuwa na nuno hata chembe.

Alipiga ukelele mmoja tu, lakini ulifika. Jirani mwenye gari alikuja mbio, wakambeba, wakampakia. Njiani walimchukua wifi, dada mkubwa wa Spika, aliyekaa mtaa wa pili. Aliingia garini ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, na kabla hajakaa vizuri akauliza, "Umemfanya nini mdogo wangu?"

"Wifi, si sasa."

"Nauliza tu."

"Na mimi naomba tu. Si sasa."

Hospitalini hawakuulizwa maneno mengi mlangoni. Mhudumu alipouona mdomo ule, alivuta kitanda cha magurudumu, akapaza sauti ndani, "Kiharusi!" na watu wakatoka kama walioitwa kwa kengele. Huyu anafunga mpira wa kupima presha, yule anachoma kidole kupima sukari, mwingine anatafuta mshipa wa dripu. Wakamsukuma kwenda kupiga picha ya kichwa, magurudumu yakilia sakafuni, na mawifi wawili wakaachwa wanatazamana.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, miwani ameipandisha kwenye nywele. Alirudi na Spika na picha pamoja.

"Mama, habari ya kwanza ni nzuri. Hakuna damu iliyovuja kichwani. Ni donge limeziba mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo. Dawa ya kuliyeyusha tunayo, lakini inakwenda na saa. Niambie, mara ya mwisho umemsikia anaongea vizuri, mzima kabisa, ilikuwa saa ngapi?"

Mke alifungua mdomo, akamwona wifi. Wifi alikuwa amesimama pale na mkoba wake, shingo ndefu, sikio limesimama. Sasa mtu ataanzaje kusema mbele ya wifi kwamba mimi na mdogo wako tunaongea kwa mkalimani, na mkalimani mwenyewe ana mkia?

"Niliporudi sokoni," alisema. "Saa sita kasorobo hivi. Tuliongea vizuri tu. Hata tulicheka."

Wifi aligeuza shingo polepole, akamtazama, akakaza midomo.

"Safi," daktari alisema. "Basi muda tunao wa kutosha." Akamgeukia muuguzi kumwagiza dawa.

Muuguzi alipokuwa anarekebisha dripu, mke alimsogelea. Kuna kitu kilikuwa kinamkwaruza moyoni. "Nesi, mwanangu, hiyo saa ina kazi gani? Dawa si dawa?"

"Siyo hii, mama. Hii inafaa ndani ya saa chache tangu kiharusi kianze. Muda ukipita, ubongo unakuwa umeshaumia, na dawa inaweza kufanya damu imwagike humo humo kichwani. Ndiyo maana daktari anauliza mpaka anakera."

Kumbe uongo wake mdogo, uongo wa kujisitiri mbele ya wifi, ulikuwa unakwenda kuingia kwenye mshipa wa mumewe kwa sindano. Alimtazama pale kitandani. Akifa leo, aliwaza, atakufa hatujasemezana. Na mimi ndiye nitakuwa nimemuua, kwa aibu ya makochi.

Alimkimbilia daktari, akamshika mkono wa koti.

"Daktari, nimekudanganya."

"Umenidanganya nini, mama?"

"Hatukuongea. Hatukucheka. Tumenuniana siku nyingi. Mara ya mwisho kuisikia sauti yake ni jana jioni."

"Alikwambia nini?"

"Hakuniambia mimi." Alimtupia wifi jicho. "Alimwambia paka."

Muuguzi alipatwa na kikohozi cha ghafla, akageukia ukuta. Daktari hakucheka.

"Na leo asubuhi?"

"Nilimwona anatoka, saa moja hivi. Anatembea vizuri. Lakini nilimwona mgongo tu. Uso sikuutazama, na neno hakusema."

"Hakuna mtu mwingine aliyeongea naye leo? Mteja? Jirani?"

"Anafanya kazi peke yake."

Daktari alishusha miwani, akaivaa, kama mtu anayetaka kuliona vizuri jambo asilolipenda. "Umefanya vizuri kusema ukweli, mama, na usijilaumu. Lakini lazima nihesabu tangu pale tulipo na uhakika. Hata nikianza hiyo saa moja asubuhi, muda umeshapita. Tutamtunza kwa kila njia nyingine. Dawa hii, siwezi kumpa."

Maneno hayo yalisemwa kwa upole, na upole wake ndio uliouma. Mke alishika ukingo wa kitanda. Kando yake zipu ya mkoba ilifunguka, ikafungwa. Ikafunguka tena.

"Wifi," mke alisema bila kugeuka, "una nini?"

"Nina sauti yake."

"Sauti gani?"

"Alinitumia kwenye simu. Leo." Wifi, ambaye maisha yake yote hakuwahi kukosa cha kusema, sasa alikuwa anayatoa maneno moja moja kama anang'olewa meno. "Lakini siwezi kuiwasha hapa."

"Kwa nini?"

"Anakusema wewe."

"Wifi! Hata kama anatukana ukoo wangu wote mpaka babu, washa!"

Wifi akawasha. Kwa kuwa hakuwa akisikia vizuri, simu yake siku zote ilikuwa kwenye sauti ya juu kabisa, na kwa kuwa mwenye kusema alikuwa Spika, chumba chote cha dharura kilipata haki yake. Mgonjwa wa kitanda cha jirani, aliyekuwa analalamikia mguu, aliacha.

Lakini maneno hayakueleweka. Yalikuwa yanagugumia, yamebanana, kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Daktari aliinama karibu, kisha akatikisa kichwa.

"Hapa maneno hayatoki sawa. Kama ugonjwa ulikuwa umeshaanza hapo, basi..."

"Siyo ugonjwa!" Mke alijikuta karibu anacheka. "Hiyo ni misumari!"

"Misumari?"

"Ile midogo ya kupigilia kitambaa. Anaijaza mdomoni, anautoa mmoja mmoja kwa ulimi, anagonga. Namkataza kila siku asiongee nayo, ipo siku ataimeza, lakini sikio la kufa halisikii dawa. Ngojeni. Akiwa na neno zito huwa anaitema kwenye kopo. Ngojeni tu."

Wakangoja. Daktari, muuguzi, wifi, mgonjwa wa mguu, wote wameikodolea macho simu. Ikasikika nyundo: ko, ko, ko. Kugugumia kidogo. Ko, ko. Halafu, chakacha! misumari ikaangukia kwenye kopo la bati, na sauti ya Spika ikajaa chumbani, kavu, safi, kila neno limevaa viatu vyake.

"...na unajua alisema nini, dada, mbele ya wageni? Konda atapita! Konda! Kwenye makochi niliyoyapiga vifungo kwa mkono wangu! Wewe umeniambia nimkalie kimya mpaka aombe radhi. Haya, nimemkalia. Lakini dada, nimechoka. Nyumba imekuwa kama matanga yasiyo na maiti. Leo jioni nitamsemesha mimi, liwalo na liwe. Usinikasirikie."

Ikakatika.

Mke alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Wifi alikuwa anaitazama sakafu kama aliyedondosha kitu.

"Ilitumwa saa ngapi?" daktari aliuliza.

Muuguzi alitazama simu. "Saa nne na robo."

"Rudisha pale mwisho." Daktari alisikiliza tena, macho amefumba. "Nyundo anashika kwa mkono gani?"

"Wa kulia," walijibu mawifi wote wawili kwa pamoja.

"Huo uliolegea. Basi saa nne na robo ulimi ulikuwa mzima na mkono ulikuwa unagonga." Akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa imepita saa saba kidogo. "Muda upo. Mama, nisikilize. Dawa hii inasaidia wengi, si wote, na kwa wachache inaweza kuleta damu kichwani. Unakubali tumpe?"

"Mpe," mke alisema. "Mpe, mwanangu, na Mungu akushike mkono."

Wakaambiwa wakae kwenye benchi la nje. Walikaa, nafasi ya mtu mmoja kati yao. Baadaye nafasi ile ikapungua.

"Mimi ndiye niliyemwambia akukalie kimya," wifi alisema.

"Nimesikia. Hospitali nzima imesikia."

"Na uliposema mlicheka, nilijua unadanganya. Nikanyamaza, maana ningekusema ningejisema na mimi."

"Wifi."

"Naam."

"Sisi wawili tulikuwa karibu tumpeleke kaburini kwa adabu."

Wifi alianza kulia, kisha kilio kikageuka kicheko, kisha mke naye akashikwa, na mlinzi wa mlangoni akawatazama akashindwa kujua awape pole au awanyamazishe.

Muuguzi alikuwa anaingia na kutoka, kila mara akimpima Spika presha na kumwambia: inua mkono, kaza macho, tabasamu. Magharibi ilipokuwa inaingia alitoka akawaita. Mke alikwenda roho iko mkononi. Spika alikuwa amelala, mdomo wake bado haujanyooka sawasawa, lakini muuguzi alipomwambia ainue mkono wa kulia, vidole vilikunjuka, na mkono ukapanda. Ulipanda kidogo tu, ukatetemeka, ukashuka. Kidogo kile mke alikiona kikubwa kuliko paa la nyumba.

Siku zilizofuata zilikuwa za kazi. Wifi alikuja asubuhi na mapema na chupa ya uji, akakuta muuguzi amesimama mbele ya kitanda kama kufuli.

"Hakuna kinachoingia mdomoni mpaka tupime anavyomeza. Koo likiwa limelegea, uji unaingia kwenye mapafu."

"Uji wangu ni mwepesi!"

"Hata ungekuwa hewa, mama."

Walimpima kwa kijiko kidogo cha maji, mgongo umenyooka, kidevu chini. Akameza bila kukohoa. Wifi alipiga vigelegele, akaambiwa na hivyo pia haviruhusiwi wodini.

Mkono ulirudi polepole, mguu kwa haraka kidogo. Mtaalamu wa mazoezi, kijana mwenye mabega ya mbeba mizigo, alimsimamisha kati ya vyuma viwili, akamtembeza, akamgombeza, akamsifu. Kilichogoma kilikuwa ulimi. Spika, yule yule aliyesikika mitaa miwili, alikuwa amebakiwa na neno moja. Umelala vizuri? "Kumbe." Unaumwa? "Kumbe." Nikuletee mto? "Kumbe, kumbe!" na jasho likimtoka, maana mwenyewe alijua silo alilotaka.

"Akili yake ipo," daktari alimwambia mke. "Anakuelewa vyote. Njia ya kufikia maneno ndiyo iliyobomoka, na njia hutengenezwa."

Fundi wa kuitengeneza alikuwa mtaalamu wa matamshi, bwana mwembamba mwenye kadi za picha na subira ya mvuvi wa ndoano. Onyo lake la kwanza aliwapa wanawake wala si mgonjwa. Spika alikuwa ameanza, "M... m..." na wifi keshadaka: "Maji! Mto! Mkojo! Mke wako!"

"Dada," bwana yule alisema, "ulimi wake ni wake. Muulize swali fupi, kisha ngoja. Ukimmalizia neno, umemnyang'anya."

Kungoja! Mke alikuwa anajua kungoja kwa kiburi, uso ukutani. Huku kulikuwa kungoja kwingine. Alikaa mbele ya mumewe, akamtazama machoni, akauma ulimi wake mwenyewe, akauacha ukimya ukae kati yao mpaka utoe kitu. Siku nyingine ulitoa kumbe. Siku nyingine ulitoa nusu ya neno, naye akaipokea nusu ile kwa mikono miwili. Likaja "maji." Likaja "dada," na wifi akazunguka wodi nzima kuwatangazia wagonjwa. Jina la mkewe lilikuwa bado. Wala mke hakumlaumu. Alivaa uso wa furaha mchana, na jioni akirudi nyumbani peke yake alijiuliza kama mtu yule atawahi tena kumwambia yeye neno lake mwenyewe, hata kama ni baya.

Ikafika asubuhi ya kuruhusiwa. Daktari alikuwa ameshawaeleza dawa za presha, chumvi kidogo, mazoezi, na kliniki ya kurudi. Jirani alikuwa anangoja nje na gari. Wifi alikuwa anafunga mizigo, akigombana na zipu.

Mke alichukua shati safi, akamsimamia mumewe aliyekaa ukingoni mwa kitanda, akaushika mkono wake wa kushoto, ule mzima, akaanza kuuingiza kwenye shati.

"Siyo," Spika alisema.

Mke alisimama. Wifi alifungua mdomo, mke akainua kidole bila kumtazama, na wifi, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akaufunga.

Spika alikunja uso. Aliutazama mkono wa kulia, akaunyanyua mwenyewe, taratibu, kwa msaada wa ule mzima.

"Huu... kwa... kwanza," alisema. "Mgonjwa. Kwanza." Akavuta pumzi. Akamkazia mkewe macho, na machoni mwake mkawa na ule ukali wa fundi anayemwona mtu ameshika kitambaa upande usio wake. "Hu... husikii?"

Kweli, ndivyo kijana wa mazoezi alivyofundisha: kuvaa, mkono mgonjwa huanza, kuvua, mkono mzima. Mke alikuwa amesahau. Mume hakusahau.

"Nasikia," mke alisema. "Nasikia, baba. Nilikosea."

"Ulikosea," alisema Spika. Hilo lilitoka zima zima, bila kukwaa popote, na yeye mwenyewe akashtuka jinsi lilivyotoka.

"Nimekosea sana. Nigombeze tena."

"Shati," alisema Spika. "Baridi."

Akamvisha, mkono mgonjwa kwanza.